Atakayekuja na Kanzu Nyeupe

Jumapili, 2 Novemba

Naanza kuandika leo kwa sababu nimependa, na sina wa kumwambia. Naandika Kiswahili makusudi. Shafik, ninayekaa naye hapa Jordbro, Uswidi, husoma kila kitu cha Kiganda kinachoachwa mezani, hata karatasi ya kununulia vitunguu. Kiswahili chake kinaishia kwenye “habari” na “leta chai”. Mimi changu nilikiokota Busia nikibeba magunia mpakani, baada ya shule kunishinda darasa la sita. Kwa hiyo hapa nina usalama.

Mwanamke mwenyewe ni Mama Laurentine. Wa Uvira, Kongo. Anasafisha vyumba vya hoteli kule Märsta, na wikendi anawafundisha wanawake kushona katika ukumbi wa chama chetu cha wahamiaji, Sundbyberg. Mjane. Ana kicheko kinachofika kabla yake.

Jana aliwasha projekta akatuonyesha filamu ya zamani ya Hollywood, ya mapenzi, nyimbo na mavazi. Anazipenda hizo filamu kuliko chakula. Sasa naelewa. Msichana anashona vifungo katika nyumba kubwa ya mitindo. Anavaa gauni asiloruhusiwa hata kuligusa. Tajiri mwenye nyumba anamkuta nalo kwenye ngazi. Badala ya kumfukuza kazi, anaimba! Msimamizi wangu ghalani ana miaka minne hajaniimbia.

Hata wapagazi wa stesheni wanacheza. Wanarusha masanduku ya wageni huku na huku, wanapiga miguu, wanatabasamu. Masanduku yale ni matupu. Najua. Mgongo wangu unajua zaidi. Lakini nikatamani kukaa katika nchi ile, ambako nguo ikikupendeza muziki unaanza wenyewe na hakuna anayeuliza kibali chako cha kazi.

Nikalala kwenye wimbo wa kofia. Zamu yangu huanza alfajiri, si kosa langu. Niliamshwa na makofi. Mama Laurentine akaniuliza nimeuonaje mwisho. Nikasema umenitoa machozi. Akanishika mkono!

Kisha habari yenyewe. Tarehe kumi na tano ni sherehe ya chama. Watu watashuka ngazi za ukumbi wakionyesha mavazi, kama kwenye filamu, na Mama Laurentine atafungua dansi. Wanawake wakamuuliza yeye atavaa nini. Akasema mganga hajigangi, na fundi hajishonei. Wote hao anawashonea, yeye hana kitu na hana muda. Kisha akasimama juu ya kiti akatangaza: “Atakayekuja na kanzu nyeupe, huyo ndiye nitafungua naye dansi!”

Vigelegele. Vainqueur akainuka akainama kama waziri. Huyu Vainqueur ni dereva wa basi, Mkongo wa Bukavu, ana suti ya rangi ya haradali na viatu vya ngozi ya mamba. Anamtaka Mama Laurentine tangu majira ya joto.

Lakini kanzu! Vazi la kwetu Buganda! Vazi la bwana harusi siku ya kujitambulisha kwa wakwe! Vainqueur hajawahi kuvaa kanzu maishani mwake. Mwanamke angesema nini zaidi? Angetaja jina langu tu.

Jumanne, 4 Novemba

Kanzu yangu iliungua pasi mwaka juzi. Shafik anayo, nyeupe pe! Nikamkaribia kwa upole, na chai. Nikamsifu. Akaniuliza nataka nini. Nikamweleza. Akasema kanzu yake inasimama mbele ya Mungu, haitasimama mbele ya Mkongo. Nikamkumbusha sisi ni ndugu. Akanikumbusha koti lake lililorudi linanuka samaki wa moshi. Kisha akanywa chai yangu yote.

Mwanamume mdogo. Mdogo kwa kimo pia. Kanzu yake isingenifika magotini.

Alhamisi, 6 Novemba

Vainqueur kanipigia simu! Huniita “mon vieux”, yaani mzee wangu. Nina miaka arobaini na nne, yeye arobaini na tisa. Akasema kwa kuwa mimi nafanya kazi kwenye ghala la nguo, lazima nazijua namba za huku. Mwanamke mwenye umbo la kama Mama Laurentine avae gauni namba ngapi? Anataka kununua moja, jeupe.

Nikakaa chini juu ya boksi. Mtu anamwinda Mama Laurentine, na wakati huohuo anamnunulia gauni mwanamke mwingine! Tena mwenye umbo lilelile, kama mtu anayekusanya seti.

Jibu la kweli ni arobaini na nne. Mikono hii imepakia nguo za nusu ya Uswidi, haikosei. Nikamwambia thelathini na sita. Nikasema nina uhakika kabisa. Akasema “merci, mon vieux.” Nikasema karibu sana.

Huyo mwanamke mwingine asiyefahamika na anisamehe. Vita ni vita.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimetoka Sundbyberg. Wamerudia filamu, na mimi nimerudia kulala palepale kwenye kofia. Sasa naamini wimbo ule una dawa.

Kabla ya hapo nilimvuta Mama Laurentine kando, karibu na cherehani. Nikamwambia, kwa uchungu wa rafiki, kwamba Vainqueur anazunguka madukani akitafuta gauni la mwanamke. Nilitegemea hasira. Akatabasamu! Akasema: “Mwache, Papa Wasswa. Mwanaume mwenye kuhangaikia nguo ya mwanamke, huyo ana roho.”

Ama kweli mapenzi hayana macho. Huyu mama anadanganywa mchana kweupe na anashukuru.

Kisha yeye ndiye akaniuliza. Na mimi je, nimefika wapi na kanzu? Nikamwambia asihofu, nitakuja nayo. Akauliza nyeupe? Nyeupe. Ndefu? Mpaka kwenye kiatu, Mama. Akapiga makofi. Akasema basi yeye hatashona wala kukodi chochote, ananitegemea mimi kama Vainqueur akishindwa. Ila anaomba kitu kimoja, kanzu ikizunguka ifunguke kama ua, kama ile ya kwenye filamu.

Kanzu kuzunguka? Kwetu mwanamume mwenye kanzu hazunguki, anatembea taratibu akisubiri kupewa juisi. Lakini kama ndivyo anavyopenda, nitazunguka.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimepata! Nilipotoka kazini nilipitia duka la mitumba. Hakuna kanzu nchi hii, nilijua. Lakini pembeni kulikuwa na rundo la yale mavazi ya Lucia, ambayo wasichana wa Kiswidi huvaa mwezi wa kumi na mbili wakiimba na mishumaa kichwani. Meupe. Marefu. Mikono mipana. Yana utepe mwekundu wa kiunoni. Nikaganda. Kitambaa ni kitambaa! Ukiutoa ule utepe kiunoni na kuushona kifuani, pale penye nakshi ya kanzu, nani atajua?

Bibi muuzaji akaniuliza ni ya binti yangu? Nikasema ni yangu mimi. Macho yakamlegea kwa furaha. Akaniuliza naimba sauti ya juu au ya chini. Nikasema ya chini. Akataka kunipa na taji la mishumaa bure, ya betri. Nikakataa kwa heshima. Kwetu anayevaa taji ni mmoja tu, mfalme.

Inanibana mabegani. Mikono haipandi juu ya kifua. Suruali haiingii chini yake, inafura kama nimeficha kuku. Nitavaa suruali ya ndani tu, ile ndefu ya baridi. Nani ataona?

Jumatano, 12 Novemba

Nimeshona utepe. Mara ya kwanza niliushona pamoja na shuka. Mara ya pili pamoja na fulana niliyovaa. Ya tatu imekaa, imepinda kidogo kuelekea kwapani. Kutoka mbali ni nakshi.

Nilihitaji pahali pa kuzungukia. Chumbani Shafik yupo. Nikaenda chumba cha kufulia cha jengo, kina sakafu nzuri. Nikavaa, nikawasha mashine tupu kupata mdundo. Nikazunguka. Inafunguka! Si kama ua, ni kama mwavuli uliovunjika, lakini inafunguka. Nikaongeza wimbo. Mlango ukafunguliwa na mama mmoja wa Kiswidi mwenye kapu la nguo. Akanitazama juu mpaka chini. Akasema “hej”, salamu yao. Akafunga mlango taratibu, kama mtu anayemwacha mgonjwa apumzike.

Niliporudi kuchukua soksi nilikuta karatasi imebandikwa: chumba cha kufulia ni cha kufulia.

Ijumaa, 14 Novemba

Mkosi! Leo ghalani nilikuwa na furaha. Maboksi yakawa masanduku, njia ya katikati ikawa stesheni. Nikataka kujaribu ule mtindo wa wapagazi, kurusha, kupokea, kupiga mguu. Boksi la kwanza lilikuwa la soksi, likaenda vizuri. La pili lilikuwa la mabuti.

Mgongo ukalia kama mlango. Msimamizi akaja mbio. Akauliza nini kimetokea. Nikasema nilikuwa nacheza. Akauliza nacheza nini. Sikujua neno la Kiswidi la upagazi wa mapenzi. Akanirudisha nyumbani na onyo. Hakuimba.

Shafik kanipaka dawa ya moto huku akicheka. Siwezi kuinama. Kesho nitazunguka bila kuinama. Lazima. Ninaweza kuishi na mgongo mbovu, nimeishi nao miaka. Lakini nikimwona mwanamke yule anafungua dansi na suti ya haradali, sijui nitaamkiaje zamu ya Jumatatu.

Jumapili, 16 Novemba

Nitaandika polepole, kwa kuwa aibu bado ni mbichi.

Jana nilipanda treni Jordbro nimevaa kanzu yangu, koti la suti juu, na koti kubwa la baridi juu ya yote. Chini nyeupe ikaonekana. Watoto wawili wakaanza kuimba wimbo wa Lucia. Mama yao akawanyamazisha, akawaambia siku haijafika. Nikashuka Sundbyberg kichwa juu. Kuinamisha nisingeweza hata kama ningetaka.

Ukumbi umejaa. Taa, maputo, sambusa. Lakini muziki kimya. Nikauliza Mama Laurentine yuko wapi. Nikaonyeshwa chumba cha makoti.

Nilimkuta amekaa kwenye kiti, na gauni lake la kazini la bluu, wanawake watatu wamemzunguka. Mapajani ana gauni jeupe limechanika ubavu mzima. Vainqueur yuko ukutani anajipiga paji la uso. Walikuwa wamelivuta, wamelisukuma, wamemwambia asipumue. Lilikwama nyongani. Vainqueur akasema kwa Kifaransa na Kiswahili kwamba hakubahatisha, aliuliza namba kwa mtu wa kazi. Nikatazama dari. Dari ya ukumbi ule ni nzuri sana.

Mama Laurentine hakulia. Alilikunja lile gauni, akalikunjua, akalikunja tena. Nje watu wakaanza kupiga miguu wakidai dansi. Akasema waanze bila yeye. Mtu wa kufungua dansi na nguo ya kufagilia vyumba hajazaliwa kwao. Wiki nzima amewavalisha watu, na yeye ataketi hapa na makoti.

Kisha akaniona. Uso ukawaka! “Papa Wasswa! Kanzu iko wapi?”

Saa yangu. Nikavua koti kubwa. Nikafungua koti la suti. Nikasema: “Hii hapa, Mama.” Nikazunguka.

Wanawake watatu wakatazamana.

Mama Laurentine akauliza kwa sauti ndogo: “Umeivaa wewe?”

Nikamjibu sasa ningekuja nayo vipi, begani? Alisema atakayekuja na kanzu. Nimekuja na kanzu. Nimezunguka kama alivyoomba. Akasema kanzu ni ya mwanamke! Nikasema kanzu ni ya mwanamume, tena bwana harusi, aulize Kampala nzima. Akasema aulizwe mtu yeyote wa Uvira, wa Bukavu, wa Goma, kanzu ni ile mwanamke anayovaa kanisani. Wanawake wote watatu wakaitikia: “Ndiyo!” Vainqueur akaitikia pia. Akaongeza: “Mon vieux, umekuja na robe.”

Basi ndipo ikaniingia. Gauni! Muda wote alikuwa anaomba gauni! Na Vainqueur hakuwa na mwanamke mwingine. Na ile namba thelathini na sita... Nikarudi kwenye dari.

Mama Laurentine akaanza kucheka. Alicheka mpaka akateleza kutoka kwenye kiti. Alicheka mpaka watu wa ukumbini wakanyamaza kusikiliza. Kisha, akiwa bado sakafuni, akashika pindo la kanzu yangu. Akalisugua kwa vidole. Kicheko kikakatika. Nikaona jicho la fundi.

“Pamba ya kweli,” akasema. “Vua.”

Hilo ni neno nililoliota, lakini si mbele ya watu wanne. Nikamweleza habari ya suruali. Akasema niingie nyuma ya makoti nimrushie. Nikavua. Utepe ulikuwa umenasa fulana tena, nikavua vyote pamoja. Nikabaki na suruali ya ndani ya baridi na koti la suti. Kupitia katikati ya makoti nikawa natazama.

Sijapata kuona kazi kama ile. Mkasi ukapita ubavuni mwa kanzu yangu, kushoto na kulia. Ukapita kwenye gauni la Vainqueur. Vipande vya lile vikaingia kwenye mbavu za kanzu yangu. Mwanamke mmoja anashika, mwingine anapitisha nyuzi, cherehani inaunguruma. Utepe wangu ukarudi kiunoni. Hakuna aliyeimba, lakini nusura niimbe mimi.

Akavaa. Ikakaa.

Sasa swali. Kanzu imeletwa na wanaume wawili, dansi afungue na nani? Mama Laurentine akasema kusema kweli Papa Wasswa kaitoa mwilini mwake. Vainqueur akasema ni kweli, ila yeye ana suruali. Hakuna wakili ambaye angeshinda hoja hiyo.

Niliona dansi kupitia upenyo wa mlango. Alishuka zile ngazi polepole, mkono kwenye bega la haradali, na chini akazunguka. Ikafunguka! Si mwavuli. Ua! Mbavu za lile gauni zikaruka na pindo la kanzu yangu likafuata, utepe ukakata hewani, watu wakapiga kelele za kwao, Uganda, Kongo, Burundi, zote pamoja. Alikuwa anacheka na kufumba macho. Hakuwa mtu wa kusafisha vyumba, wala mjane, wala mtu wa kupanda treni ya Märsta alfajiri. Nilisimama pale miguu wazi katika upepo wa mlango, mgongo unawaka, na sikulala hata kidogo.

Baadaye akaja na sahani ya sombe, yale majani ya muhogo ya kwao, na samaki. Akaketi nami kwenye makoti, ameivaa. Akasema hakuna mtu aliyewahi kuvuliwa nguo kwa ajili yake akakaa kimya hivi. Nikasema si kitu. Akaniuliza, hivi nani alimwambia Vainqueur thelathini na sita? Nikasema watu siku hizi hawaaminiki, na nikajaza mdomo sombe.

Jumanne, 18 Novemba

Nimeapa. Kuanzia leo, neno lolote la Kongo nitaliuliza mara mbili kabla ya kutenda. Kanzu ni gauni. Nimeelimika. Nimekuwa mtu mwingine.

Na Mama Laurentine kanipigia simu! Mwenyewe! Jumapili niende Sundbyberg, tutembee kandokando ya ziwa, mimi na yeye. Vainqueur ana zamu. Akaniambia baridi sasa haina rafiki, kwa hiyo nisije bila mpira. Mpira mzito, akasisitiza, ule wa mikono mirefu, na kama sina atanishonea.

Nilitaka kuuliza, kwa sababu ya kiapo. Lakini mpira ni mpira, kutoka Kampala mpaka Kinshasa. Hapo hakuna cha kuuliza. Kumbe anapenda kandanda! Na ni kweli, baridi hii ukisimama ziwani bila kukimbia utaganda. Kilichonisumbua ni “mikono mirefu”. Nimekaa nalo neno hilo zamu nzima, boksi baada ya boksi, na karibu na saa ya chai likafunguka. Golikipa! Anataka mimi nidake, yeye apige!

Vainqueur na viatu vyake vya mamba ataweza wapi?

Nimenunua mpira wa ngozi, mzito kabisa, na glovu. Jioni nimefanya mazoezi nyuma ya jengo. Shafik anapiga, mimi naruka. Mgongo unasema mengi, siusikilizi. Yule mama wa kapu la nguo ametuchungulia dirishani akafunga pazia. Nimejipima mikono mlangoni.

Ni mirefu.